Aliyefumba Macho Sinemani

"Wewe kaka, ulikuwa umelala!"

Mwanaume yule akasimama katikati ya ngazi, mwavuli mkononi, akageuka taratibu kama mtu asiye na hakika kwamba ndiye anayeambiwa.

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe! Kiti cha nyuma, karibu na nguzo. Sinema imefika pale pazuri kuliko pote, mwanamke amekaa dirishani, mvua inanyesha, hata kikohozi hakisikiki ukumbini, na wewe umefumba macho kama mtu aliyekuja kukwepa jua."

"Sikulala, dada. Nilifumba tu."

"Kuna tofauti gani?"

"Aliyelala hasikii. Mimi mvua nimeisikia yote."

Sarayu hakuzoea kujibiwa. Alikuwa daktari wa meno. Mchana kutwa alizungumza na watu waliofungua midomo wasiweze kumjibu, kwa hiyo alishazoea neno la mwisho kuwa lake. Lakini Jumapili alasiri alivua koti jeupe, akapanda ngazi za maktaba ya zamani ya Kozhikode, mji wa Kerala huko India kusini, akaketi safu ya tatu pamoja na wanachama wenzake wa klabu ya sinema, akaota macho wazi.

Na katika waongozaji wote duniani, aliyempenda alikuwa mmoja tu: mzee Achuthan Marar. Sarayu alikuwa na ukurasa wake mtandaoni ambako aliandika yale yaliyomjia moyoni kila alipotazama sinema za Marar, na watu wengi wa Kerala, na Wamalayali wenzao waliotawanyika kikazi huko Ghuba ya Uarabuni, waliusoma kama wasomavyo habari za ndugu. Sinema ya siku ile, *Nyumba ya Upande wa Mvua*, ndiyo iliyokuwa roho yake. Mtu asinzie pale dirishani? Ilikuwa kama kumkanyagia sari mpya.

"Basi njoo unywe chai," akasema kwa hasira. "Unieleze ulisikia nini."

Wakakaa kibandani mkabala na maktaba. Muuza chai akaimimina kutoka juu hadi povu likajaa glasi. Mwanaume akajitambulisha kwa jina la Jayan, daktari wa mifugo katika zahanati ya serikali nje kidogo ya mji.

"Wagonjwa wangu hawasemi," akasema.

"Na wangu hawawezi kusema. Haya, ile sinema?"

"Nimeiona mara nyingi. Ni nzuri."

"Nzuri? Maandazi ndiyo mazuri, kaka! Yule mwanamke mumewe yuko mbali, anamngoja, na uso hatuuoni hata mara moja, ni mgongo tu na nywele na mvua. Lakini unajua ana furaha. Kungoja kwenyewe ndiyo mapenzi yake."

Jayan akazungusha glasi. Akasema polepole, bila kumtazama:

"Mimi naona hana furaha yule mwanamke."

"Umeonaje, na ulifumba macho?"

Akacheka. Sarayu naye akacheka, na hasira ikamtoka bila kuaga.

*

Wiki ile Sarayu aliandika ukurasani: *"Katika sinema za Marar hakuna mtu anayesema nakupenda. Mtu anamenya chungwa, anampa mwenzake nusu iliyo kubwa. Basi. Ukitoka ukumbini unatembea polepole, kama uliyebeba bakuli lililojaa maji, unaogopa lisimwagike kabla hujafika nyumbani."*

Sifa zikamiminika. Katikati ya sifa, maoni mafupi ya mtu aliyejiita Jayan Kallai: *"Nusu iliyo kubwa ndiyo iliyokuwa na mbegu nyingi. Tazama tena."*

Sarayu akatazama tena. Kweli! Akamtumia ujumbe pembeni:

*"Wewe ni mtu mbaya. Umeniharibia chungwa."*

*"Pole. Hapa nimemezwa mkono na ng'ombe, nitajibu baadaye."*

*"Umemezwa na nini?!"*

*"Siyo upande wa mdomo."*

Alicheka peke yake kliniki hadi mgonjwa wake, mdomo wazi, akaguna kuuliza kulikoni.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Ujumbe wa asubuhi ukawa wa mchana pia, na wa mchana ukazaa simu. Jumapili baada ya sinema walitembea Mtaa wa Mithai, wakinunua haluwa nyekundu inayometa kama kioo, wakaenda kuketi kando ya bwawa la Mananchira kuila kwa vidole. Sarayu alizungumza, Jayan alisikiliza. Alikuwa na usikivu wa ajabu yule bwana. Alisikiliza kama mganga anayeweka sikio kwenye ubavu wa ndama. Msimu wa mvua ulipoingia, mji mzima ukawa kama umo ndani ya sinema ya Marar: mapaa yakidondosha maji, taa za maduka zikiyeyuka barabarani, watu wakipita na miavuli yao kama mawazo ya mtu mwingine. Sarayu alikuwa anatembea humo kando ya mwanaume huyu, na alihisi kuna mtu amepunguza mwendo wa dunia kwa ajili yao.

Siku moja chini ya ubaraza wa duka la vitambaa, mvua ikiwa imewazuia, akamwambia kile ambacho hakuwa amekiandika popote.

"Baba yangu alifanya kazi Sharjah utoto wangu wote. Alikuja kila baada ya miaka miwili, kama mgeni, na sabuni zenye harufu nzuri. Mama alikaa dirishani kila alasiri. Wenzangu walinitania, mama yako amegeuka pambo la nyumba. Niliona aibu, Jayan. Halafu siku moja ile sinema ikaonyeshwa kwenye televisheni. Nikamwona yule mwanamke. Nikasema, kumbe mama yangu ni mzuri hivi! Kumbe anachofanya kina jina. Marar alinipa mama yangu."

Machozi yakamtoka. Jayan akafungua mdomo, akaufunga. Mwishowe akamwekea mwavuli juu ya kichwa, ingawa walikuwa chini ya paa.

"Ulitaka kusema nini?"

"Hakuna."

*

Baba yake Sarayu alikuwa amekwishafariki, na mama yake, Rugmini, alikuwa na hofu moja tu: binti kuzeeka kabla ya kuolewa.

"Ni injinia, Muscat," akasema akichambua maharage. "Familia nzuri. Atakuja likizo, mtaoana, atarudi kazini, wewe utakaa hapa na mimi hadi akupatie kibali. Miaka miwili, mitatu. Siyo mingi."

"Mama, kuna mtu."

"Mtu gani? Amekuomba?"

"Bado."

"Basi hakuna mtu. Kuna upepo."

Sarayu akajifungia chumbani, akaandika:

*"Wanataka kuja kuniona. Injinia wa Muscat. Jayan, kama una neno, liseme."*

Alama ya kuandika ikatokea, ikapotea. Ikatokea, ikapotea. Mwishowe:

*"Nipe muda kidogo. Kuna jambo lazima ulijue kwanza, na sijui nianzie wapi."*

*"Una mke?"*

*"Hapana!"*

*"Una mtoto?"*

*"Nina ng'ombe wengi tu. Sarayu, baada ya sherehe ya Marar nitakwambia. Naapa."*

Sherehe yenyewe ilikuwa ya klabu: mzee Marar alikuwa anatimiza miaka themanini, na zingeonyeshwa sinema zake kwenye ukumbi wa mji. Yeye mwenyewe asingekuja, walisema, afya haimruhusu. Na msemaji mkuu alikuwa daktari Sarayu, kwa heshima ya yale anayoyaandika.

Siku hiyo ukumbi ulifurika. Mama yake alikaa mbele na sari ya hariri ya rangi ya krimu. Jayan alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Sarayu akapanda jukwaani, akasimulia habari za Sharjah, za sabuni, za dirisha.

"Mama yangu yuko hapa," akasema. "Miaka ile yote aliyongoja alikuwa na furaha ya siri, na Mzee Marar ndiye aliyeniwezesha kuiona. Nami nikijaliwa kupenda, nataka kupenda vile."

Rugmini akajifunika uso kwa upindo wa sari. Watu wakapiga makofi, wengine wakifuta macho.

Mara mlango wa pembeni ukafunguliwa. Mzee mrefu mwembamba, msuli mweupe kiunoni, mkongojo, ndevu kama pamba, akaingia akishikwa mkono na dereva. Ukumbi mzima ukasimama.

"Marar! Ni Marar!"

Moyo wa Sarayu ukapiga hadi akausikia kwenye kipaza sauti. Mzee akafika mbele, akamshika mikono yote miwili.

"Nimekusikia kutoka nje, binti. Umeisema vizuri kuliko nilivyoipiga." Kisha akainua macho, akakodoa kule nyuma, uso ukamchanua. "Jayan! Wewe! Mbona unajificha huko kama mwizi wa kuku? Hamkuniambia kama mwanangu yuko hapa! Njoo, njoo usimame na baba yako!"

Vichwa vyote vikageuka. Jayan alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Hakukimbia. Alimtazama Sarayu tu, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeangusha kitu na bado hakijafika chini.

*

Jayan alimkuta Sarayu kwenye maegesho, manyunyu yakianza.

"Sarayu, nisikilize."

"Mwaka mzima, Jayan!"

"Nilitaka kukwambia leo."

"Leo nimeambiwa na baba yako mbele ya mji mzima! Mimi nakueleza Marar hivi, Marar vile, na wewe unaitikia kwa kichwa. Ulikuwa unacheka moyoni?"

"Sijawahi kukucheka. Kila mtu akishajua mimi ni nani, anaanza kutazama nyuma ya bega langu, kana kwamba baba amesimama pale. Niliwahi kuchumbia. Yule binti alikuja nyumbani, akakaa na baba mchana kutwa wakiongea sinema, mimi nikawaletea chai. Siku moja nikagundua ananiita kwa sauti ile ile anayomwitia mpishi."

"Mimi siyo yeye!"

"Najua. Ndiyo maana niliogopa zaidi."

Sarayu akafuta mvua usoni. "Na uliposema yule mwanamke hana furaha?"

"Yule ni mama yangu. Mwigizaji alikuwa ameshaondoka siku hiyo. Baba akamketisha mama dirishani, akampiga picha kwa nyuma. Nilikuwa mtoto wa miaka saba. Baba aliondoka miezi na miezi kutengeneza ndoto za watu, na mama akakaa pale pale, bila kamera. Watu wanaona sinema. Mimi naona nyumba yetu. Pale dirishani siwezi kutazama."

"Ungeniambia, nisingeandika vile."

"Ndiyo. Ungeandika kwa adabu. Na mimi nilipenda ulivyoandika bila adabu."

Neno lile lilimgusa, na kwa kuwa lilimgusa likamkasirisha zaidi.

"Nilikulilia chini ya ule ubaraza, Jayan. Nilikueleza mama yangu. Na wewe una mama yako kifuani, hadithi ile ile, ukanyamaza. Mimi nilikufungulia mlango, wewe ukaniwekea pazia. Usinipigie tena."

Akaondoka bila mwavuli. Nyumbani akavua sari iliyolowa, akamwambia mama yake maneno matatu tu:

"Waambie hao waje."

Rugmini, ambaye alikuwa hajasema lolote tangu ukumbini, akaitikia kwa kichwa. Hakuonekana na furaha aliyotarajiwa kuwa nayo.

*

Simu zikaja. Hakupokea. Ujumbe ukaja: *"Samahani."* Kisha mwingine: *"Nilikosea, siyo kwa sababu nilikuogopa wewe, ila nilijihurumia mno."* Akausoma mara nyingi, akamfungia njia. Ukurasa wake ukanyamaza. Wasomaji wakauliza, daktari vipi, uko salama?

Asubuhi moja kliniki akaingia bibi mfupi mnene, miwani ya duara, kikapu mkononi. Akajipandisha kwenye kiti bila kuitwa.

"Jino gani linauma, mama?"

"Chagua wewe, yote yamezeeka."

Sarayu akamwinamia na kioo. "Mbona yako vizuri tu?"

"Basi nimepata ninachokilipia. Mimi ni Thankam, mama yake Jayan."

Kioo kikamponyoka.

"Usishtuke, mwanangu, sikuja kumwombea. Ana mdomo wake, ingawa hautumii. Nimekuja kwa ajili yangu. Nimesoma ulichoandika juu ya mgongo wangu."

"Mama, nisamehe, sikujua kama..."

"Nisikilize. Wewe unasema nilikuwa na furaha. Mwanangu anasema nilikuwa nalia. Mume wangu anasema nilikuwa mwanga." Akavua miwani, akaifuta kwa sari. "Miaka yote hii hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi."

Sarayu akavuta kibao, akakaa chini yake kama mwanafunzi.

"Nakuuliza, mama. Ulikuwa unafanya nini pale?"

"Nilikuwa namngoja muuza samaki."

"Nani?"

"Moideen, wa baiskeli! Marar aliniambia kaa pale, usigeuke. Mimi nimebandika mchuzi wa nazi jikoni, wageni kumi na tano wa sinema wanataka kula, na Moideen hajaja na vibua vyangu. Kila nikisikia honi nanyoosha shingo. Watu wameandika vitabu vizima kuhusu ile shingo!"

Sarayu alianza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. Bibi akacheka naye hadi kiti kikatikisika. Msaidizi akachungulia mlangoni akaondoka.

"Lakini siku nyingine, mama? Alipokuwa hayupo?"

Thankam akavaa tena miwani yake.

"Siku nyingine nilikuwa na hasira. Nyingine nilikuwa na nafasi ya kupumua, kitanda kizima changu. Nyingine nilimkumbuka hadi tumbo likauma. Nimemfukuza yule mzee mara mbili, na mara mbili nikamrudisha mwenyewe. Mtu hawi kitu kimoja, mwanangu. Sinema ndiyo inataka mtu awe kitu kimoja, kwa sababu ni saa mbili tu halafu taa zinawashwa." Akashuka kitini. "Jayan nimemwambia haya jana. Alikasirika kwanza. Mtu wa miaka arobaini kasoro anakasirika kwa sababu mama yake hakulia vya kutosha! Kisha akaenda kukaa jikoni, akanimenyea vitunguu."

Mlangoni akageuka.

"Wewe una mama?"

"Ninaye."

"Umemuuliza?"

*

Alimkuta Rugmini uani, anaanika pilipili. Jua lilikuwa limepata upenyo kati ya mvua mbili, na kila kitu kilitoa mvuke, hata kuta. Sarayu akachuchumaa kando yake.

"Mama, miaka ile ulipokuwa unakaa dirishani. Ulikuwa unafikiri nini?"

Mikono ya Rugmini ikaendelea kutandaza pilipili, kisha ikaacha.

"Ulishawaambia watu ukumbini. Nilikuwa na furaha ya siri."

"Ulilia pale, mama."

"Nililia ndiyo! Unasimama mbele ya watu unanipa furaha ambayo sijawahi kuiona hata kupitia dirisha! Ningefanyaje, nisimame nibishe?" Sauti ikapanda, kisha ikashuka. "Mwanzo nilimngoja kweli. Nilikuwa msichana, nilimpenda. Kila akija nilijifunza upya sura yake. Baadaye nikazoea. Mwishoni, Mungu anisamehe, alikuwa akija nangoja aondoke, nipate kulala vizuri. Alikuwa mtu mwema. Hatukufahamiana, basi."

Sarayu akamshika mkono, pilipili na yote.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeipenda sana ile hadithi. Nikaona bora niwe mzuri machoni pako kuliko niwe mkweli."

"Na Muscat je, mama? Unanipeleka kule kule?"

Rugmini akageuza pilipili chache kwa mkono mwingine. Kunguru akatua ukutani, akaondoka.

"Sikuonyeshwa njia nyingine ya kuolewa," akasema mwishowe. "Nilidhani wewe una moyo wa kungoja, kwa jinsi ulivyokuwa unausifu."

Akasimama, akajifuta mikono, akaingia ndani. Sarayu akamsikia akiwapigia simu watu wa yule injinia:

"Haloo, dada? Rugmini hapa. Hapana, binti hana tatizo lolote. Hapana, hajaharibika mtu. Mimi ndiye nimebadili mawazo. Eeh. Naona vijana wakae mji mmoja. Ndiyo, hata nyinyi mtafutieni kijana wenu mchumba aliye karibu naye, si vizuri... Haya. Haya, dada, msalimie."

Akatoka tena uani.

"Huyo upepo wako," akasema, "anaishi wapi?"

"Kallai, mama."

"Kallai ni basi moja tu. Unangoja nini?"

*

Zahanati ya mifugo ilikuwa nyuma ya soko, na uani palikuwa na mbuzi, mama mwenye bata kikapuni, na ng'ombe mkubwa mweusi. Nyuma ya ng'ombe alikuwa Jayan, glavu hadi begani, mkono wote ukiwa umo ndani.

Alimwona Sarayu, akaganda.

"Usitoe," Sarayu akasema. "Ukitoa utakimbia."

"Sikimbii tena. Umekuja..."

"Mama yako amekuja kliniki."

"Najua. Ameniambia ana meno ya msichana."

"Nilikukasirikia sana, Jayan. Bado kidogo nimekasirika. Siyo kwa sababu wewe ni mtoto wa nani. Ulisikia kidonda changu na chako ukakificha, nikaonekana ndiye ninayevuja peke yangu."

"Ni kweli." Ng'ombe akahema. "Sikujua kukisema. Nyumbani kwetu baba alikuwa ndiye wa kusema, sisi wengine tulikuwa wa kuonekana. Nilipokupata wewe unaongea hivyo, nikakaa nikasikiliza tu, kama mtu aliyekuta chemchemi. Sikufikiri kwamba na wewe una kiu."

Mwenye ng'ombe, mzee wa kilemba, akakohoa.

"Daktari, mjibu vizuri dada wa watu. Ng'ombe wangu ana haraka."

"Namjibu, mzee."

"Hujamjibu. Unazunguka."

Sarayu akasogea hadi karibu na mkia.

"Mimi niliandika kwamba kungoja ni mapenzi. Nimekuja kujisahihisha. Injinia nimemkataa. Sitaki kungojwa, sitaki kungoja. Nataka mtu wa kugombana naye chumba kimoja. Ukiwa na hasira useme. Ukiwa na huzuni useme. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, lakini uniambie kwanza kwamba unanyamaza."

"Sarayu."

"Nini?"

"Nakupenda. Nimekupenda tangu uliponifokea kwenye ngazi. Nilitaka kulisema mahali pazuri zaidi ya hapa, lakini nikitafuta mahali nitachelewa tena. Unakubali nikuoe?"

Mama mwenye bata akashika shavu. Mzee wa kilemba akavua kilemba chake.

"Nakubali," Sarayu akasema, macho yamejaa. "Ila usinishike. Kwanza kanawe."

*

Jioni hiyo hiyo kabla ya jua kuzama aliandika ukurasani, baada ya ukimya mrefu: *"Nimekutana na mwanamke niliyemwandika miaka yote bila kumuuliza. Bado naipenda ile sinema. Naipenda kama mtu anavyompenda mjomba mwongo mwenye sauti nzuri. Mnaoniandikia kwamba mnangoja waume zenu huko mbali: msinukuu maneno yangu ya zamani. Wapigieni simu, waambieni mnavyojisikia kweli."* Wanawake walijibu kwa mamia, na majibu yao yalikuwa marefu kuliko makala.

Harusi ilifanyika mvua zilipoisha, katika ukumbi mdogo nyuma ya hekalu la mtaani kwa kina Sarayu. Taa ya shaba ikawashwa, ngoma na zumari zikapamba moto, Jayan akamfunga Sarayu kidani shingoni, wakavishana mashada ya maua. Rugmini na Thankam walikuwa wamekwishakuwa mashoga wa kusengenya wageni pamoja.

Ndipo mpiga picha aliposogea. Na mzee Marar, aliyekuwa ametulia kwenye kiti chake kama mtoto aliyeonywa, akashindwa kuvumilia. Akainuka na mkongojo.

"Wewe kijana, mwanga uko kule! Huoni? Rudi nyuma hatua moja. Bibi harusi, geuka kushoto kidogo, inua kidevu, tazama mbali, nje ya ukumbi..."

Sarayu, kwa mazoea ya miaka mingi ya kumtii mzee huyu gizani, alikwishaanza kugeuka.

"Wewe mzee!" Sauti ya Thankam ikapasua zumari. "Rudi ukae ule! Leo hatazami mbali. Anamtazama mumewe!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Marar akabaki mkono hewani, akamtazama mke wake, kisha akaushusha pole pole na yeye akacheka, akarudi kwenye chakula chake juu ya jani la mgomba. Thankam akamwekea wali na mchuzi, akamkalia ubavuni.

Sarayu akageuka kumwelekea Jayan. Mabega ya Sarayu yalikuwa yanatikisika.

"Unacheka nini?" Jayan akanong'ona.

"Baba mkwe amefukuzwa kazi."

Jayan naye akaanza kucheka, shada likamteleza begani, Sarayu akalidaka, na mpiga picha, ambaye hakuna aliyekuwa anamwelekeza tena, akabofya.